Ndege ya saa ngapi kwenda Unguja? Hesabu michana

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, Uingereza, na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 11. Agosti tutakuja Zanzibar. Safari hii si ya kuzungukia jamaa. Tumepanga kukaa Paje na kupumzika tu. Likizo yangu ni Jumatatu hadi Ijumaa, ukiongeza wikendi mbili za pembeni. Nimepata tiketi tatu. Ya kwanza inaondoka Birmingham Ijumaa jioni na kufika Zanzibar Jumamosi 15:00. Ya pili inaondoka Jumamosi asubuhi na kufika Jumapili 03:30, nayo ni nafuu kwa pauni 90 kila mtu. Ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote, ila inaishia Dar es Salaam Jumapili 02:00, halafu tujitafutie wenyewe namna ya kuvuka. Kurudi naweza kuchagua Jumamosi 16:00 nifike nyumbani Jumapili asubuhi, au Jumapili 04:00 nifike Jumapili jioni. Naelekea kuichukua ya pili, na binamu yangu wa Kiembesamaki nimeshamwambia aje kutupokea Jumapili saa tatu na nusu usiku. Nimechagua vizuri?

JIBU: Dada yangu, kabla ya bei na mengineyo, tumshughulikie kwanza huyo binamu. 03:30 si saa tatu na nusu. Ni saa tisa na nusu, tena usiku wa kuamkia Jumapili. Ndege yako itatua wakati watu wa Kiembesamaki bado wako kwenye usingizi wa Jumamosi. Binamu akifuata ulivyomwambia, atafika uwanjani saa 18 baada yenu, na nyinyi mtakuwa mmeshakula chakula cha mchana.

Sikucheki. Nimekata tiketi hapa Mji Mkongwe miaka kumi na minane, na mwaka wangu wa tatu katika kazi hii hii nilikosa ndege ya kwangu mwenyewe. Tiketi iliandikwa Ijumaa 00:40. Ijumaa nikaenda kazini, nikasali, nikala, nikafunga begi kwa raha zangu, na saa nne usiku nikawa mlangoni kwa uwanja. Ndege ilikuwa imeondoka tangu usiku uliopita. Kwetu siku huanza jua likichwa, na saa huhesabiwa tangu jua lichomoze. Tiketi haijui hayo: tarehe yake hugeuka saa sita usiku. Basi ukiona saa yoyote kati ya 00:00 na 06:00, usiitafsiri kichwani. Chukua kalamu uandike: "usiku wa kuamkia" siku fulani. Hayo maneno matatu yangenipunguzia aibu na nauli.

Sasa swali lenyewe. Watu wengi hulinganisha tiketi kwa kuhesabu siku au kulala: "siku tisa, usiku nane". Mimi huwaambia wateja wahesabu michana, maana pwani ni ya mchana. Agosti jua la Unguja huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuchwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu jioni. Kwa mwaka mzima machweo hayasogei sana. Ni kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi. Na likishachwa, giza haliji kwa kubembeleza kama huko kwenu. Hili huwaponza sana wanaotoka Ulaya miezi ya kiangazi. Huko Leicester katikati ya Agosti jua huchwa mnamo saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo mwili umeshazoea kwamba kufika saa kumi na moja jioni bado kuna siku nzima mbele. Hapa ukifika saa kumi na moja una muda wa kuvua viatu, kugusa maji na kupiga picha moja.

Tupime tiketi ya kwanza. Mnatua saa tisa alasiri. Viza, pasi, mizigo na kumtafuta dereva ni kama saa moja na robo, kama hakuna ndege nyingine kubwa iliyotua pamoja nanyi. Kutoka uwanjani hadi Paje ni kilomita hamsini hivi, saa moja au zaidi kidogo. Mnafika saa kumi na moja na nusu. Saa moja ya mwanga, chakula, kulala. Asubuhi ya Jumapili mnaamka kitandani kwenu pamoja na jua. Kuanzia hapo hadi Ijumaa ni michana 6 kamili, na Jumamosi ya mwisho tutaijadili chini.

Ya pili inaonekana imepoteza saa chache tu, na kwenye karatasi ni kweli. Ila mtoto wa miaka 6 haishi kwenye karatasi. Mnatua saa tisa na nusu usiku, mnatoka uwanjani karibu na adhana ya alfajiri, mnafika Paje kunapambazuka. Hoteli nyingi hutoa chumba saa nane mchana. Kwa hiyo ama mlipie usiku wa Jumamosi ambao hamkuulala, ama mkae mapokezi na mabegi mkiwatazama wengine wakinywa chai. Vyovyote vile Jumapili itakwenda kwa usingizi, na watoto wakilala mchana kutwa, usiku watakesha, Jumatatu nayo ikaingia doa. Pauni 360 mtakazookoa nyote wanne zinanunua Jumapili nzima na nusu ya Jumatatu, na kama mtalipia ule usiku wa Jumamosi, baadhi ya pauni hizo zinarudi hotelini.

Ningekuwa nawajibu vijana wawili wasio na watoto ningesema chukueni ya pili, mkalale kwenye mchanga. Nyinyi chukueni ya kwanza.

Msiogope kusafiri usiku baada ya kazi. Kati ya Uingereza na Afrika Mashariki mwezi Agosti tofauti ni saa 2 tu, kwa hiyo mwili hauvurugiki kwa kubadili saa. Unachoka kwa kukosa usingizi, basi. Mtoto akilala kwa muda wa saa tano au sita ndani ya ndege ya usiku, alasiri ya Jumamosi atakuwa mzima. Kwa ndugu zetu wa Minnesota, ambao Agosti wako nyuma yetu kwa saa 8, jibu langu lingekuwa jingine kabisa. Hao hata wakifika saa ngapi, mchana wa kwanza si wao.

Kuhusu tiketi ya tatu nitasema kwa haki, maana si mbaya kama mawakala wenzangu wanavyopenda kusema. Mkitua Dar saa nane usiku, ndege ndogo za kuvukia hazijaanza kuruka, na boti ya kwanza huondoka bandarini asubuhi, karibu saa moja. Boti ya kasi hutumia saa mbili hivi. Kwa hesabu hiyo mnaweza kuwa Paje saa tano asubuhi, na mchana mwingi bado upo. Tatizo ni kilichomo katikati: saa tano za kukaa macho na watoto na mabegi, kisha bahari ya Agosti. Huo ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na mkondo kati ya Dar na Unguja huchafuka. Nimewaona watu wazima wakishuka gatini wameshika nguzo.

Mkiamua kuvuka kwa ndege ndogo badala ya boti, angalieni uzito. Ndege hizo nyingi huruhusu kilo 15 kwa abiria, tena begi laini, wakati ile iliyowatoa Uingereza imewaruhusu kilo 23 au zaidi. Wageni wengi hulipia ziada hapo hapo na kujikuta nauli imelingana na tiketi waliyoikataa.

Na lipo jambo ambalo wanaoishi Uingereza wangestahili kulijua zaidi. Ndege ikiondoka katika uwanja wa Uingereza, sheria ya huko inakulinda hata kama shirika si la Uingereza: mkifika mwisho wa safari mmechelewa saa 4 au zaidi kwa kosa la shirika, na safari ni ya zaidi ya kilomita 3,500, fidia ni pauni 520 kwa kila abiria. Mwisho wa safari ni mji ulioandikwa mwisho kwenye tiketi hiyo. Tiketi ikiishia Dar, basi kwa sheria mmeshafika mkiwa Dar. Ndege ya kuvukia ikiwaacha kwa sababu ile ya kwanza ilichelewa, hakuna wa kumdai: wa kwanza atasema amewafikisha, wa pili atasema hamkutokea. Ndiyo maana nawaambia watu, ikiwa ndege ni mbili, tiketi iwe moja.

Sasa nije kwenye kurudi, ambako naona hujapafikiria sana, na ndiko kwenye utamu. Kati ya Jumamosi 16:00 na Jumapili 04:00, mimi siwezi kukuchagulia mpaka nijue mwezi una siku ngapi. Si mwezi wa Agosti, mwezi wa juu.

Umechagua Paje, na Paje ni pwani ya mashariki. Huko, kama ilivyo Jambiani na Michamvi, bahari huondoka. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupwa mpaka mtu aliyesimama hotelini huiona bahari kama mstari mweupe kule kwenye mwamba, na katikati ni mchanga, vidimbwi na akina mama kwenye mashamba yao ya mwani. Ni mandhari nzuri ya kutembea, lakini kuogelea hakuna. Wageni wasioambiwa hukasirika wakidhani wameuziwa picha ya uongo.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, ikipamba moto siku moja au mbili baadaye. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai sana na hayapwi sana. Wavuvi wanayajua haya tangu utotoni. Wanalosahau kuwaambia wageni ni kwamba saa zake nazo zina utaratibu. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Baada ya wiki moja, mnapofika kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: maji hujaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi.

Sasa tazama tarehe zako. Unafika Jumamosi, unaondoka Jumamosi inayofuata. Ni siku 7. Ikiwa Jumamosi ya kwanza ni bamvua, ya mwisho ni maji mafu, na kinyume chake.

Chukua hali ya kwanza, mmefika bamvua. Saa kumi na moja na nusu mnaingia Paje, maji yamejaa saa moja na nusu iliyopita, bado yako karibu. Watoto watarukia humo na nguo zao za safari. Wiki ikipita, asubuhi ya Jumamosi ya kuondoka maji yanajaa karibu saa nne. Ogeleeni kuanzia saa mbili hadi saa nne na nusu, ogeni, kabidhini chumba, tokeni Paje saa tano na nusu, na kabla au karibu na saa saba mko uwanjani kwa ndege ya saa kumi jioni. Hapo mmepoteza nini? Mchana uliobaki maji yangekuwa yanarudi nyuma. Chukueni Jumamosi 16:00, mfike nyumbani Jumapili asubuhi, mfue nguo, mlale, Jumatatu kazini ukiwa mtu.

Hali ya pili, mmefika maji mafu. Jumamosi ya mwisho ni bamvua. Asubuhi yote bahari iko mbali, saa nne ndiyo imekauka kabisa, na maji yatarudi mchana ili yajae saa kumi jioni, saa ile ile ambayo ndege ya 16:00 inaruka. Mtakuwa mmekaa kwenye viti vya uwanja wakati maji mliyoyafuata kutoka Leicester yako miguuni mwa watu wengine. Katika hali hii chukueni Jumapili 04:00.

Ila msikae Paje mpaka saa sita usiku mkisubiri kuondoka. Ombeni hoteli iwaachie chumba hadi jioni kwa nusu ya bei, nyingi hukubali Jumamosi isipokuwa imejaa, au angalau mahali pa kuogea na kuweka mabegi. Ogeleeni mpaka saa kumi na moja, tokeni saa kumi na moja na nusu, saa moja mko mjini. Kodini chumba kimoja cha bei ndogo Mji Mkongwe, wekeni mizigo, nendeni Forodhani mkale urojo, mishikaki na juisi ya miwa. Mji ni wa usiku. Saa tatu watoto walale, saa saba usiku muwaamshe. Uwanja uko kilomita tano tu kutoka hapo, robo saa kwa gari usiku. Hivyo ile Jumamosi inakuwa mchana wa 7 kamili, na mji mmeuona pia. Gharama yake ni kwamba mtafika nyumbani Jumapili jioni, na Jumatatu utaingia kazini macho mekundu. Kama kazi yako ni ya kuendesha mashine au kutunza wagonjwa, fikiria mara mbili.

Ukiangukia katikati, siku mbili tatu baada ya bamvua kwa mfano, hesabu zile dakika hamsini kwa kila siku, utapata saa yako. Kalenda ya Kiislamu ukutani kwa mama yako inatosha kukupa tarehe ya mwezi. Siku ya kwanza hadi ya nne, na ya kumi na nne hadi ya kumi na nane, ndizo za bamvua. Hoteli nyingi za Paje pia hubandika saa za maji mapokezi. Waandikie wakutumie za wiki yenu kabla hujalipia tiketi.

Kama yote haya yanakuchosha, hamia Nungwi au Kendwa, kaskazini. Huko maji hayaondoki kiasi cha kumzuia mtu kuogelea, na Agosti kunakuwa shwari zaidi, maana kusi huipiga Paje uso kwa uso. Ndiyo sababu miezi hiyo Paje imejaa watu wa kuteleza kwa tiara. Lakini kutoka uwanjani hadi Nungwi ni kilomita sitini hivi, kwa hiyo ongeza muda wa barabara kwenye hesabu zote nilizofanya. Wala sisemi uache Paje. Mimi mwenyewe naipenda zaidi, hasa maji yakiwa yamepwa.

Mawili madogo. Ikiwa mojawapo ya tiketi hizi inapitia nchi yenye homa ya manjano, kama Ethiopia au Kenya, tazama mnakaa uwanjani hapo muda gani. Zikizidi saa 12, Tanzania itataka cheti cha chanjo, watoto wakiwemo. Tiketi za bei ya chini ndizo zenye kusubiri kwa muda mrefu namna hiyo, na watu hugundua wakiwa mbele ya dirisha la afya. Na mahali pa kubadilishia ndege, usichague muda wa chini ya saa mbili ukiwa na watoto. Najua kompyuta inakubali dakika hamsini. Kompyuta haijawahi kumpeleka mtoto chooni.

Nimesema uchukue ya kwanza. Basi mpigie binamu yako leo, umwambie umebadilisha: Jumamosi, saa tisa alasiri, jua bado kali. Umwombe aje na gari lenye nafasi ya mabegi manne, na kwamba asiwapitishe kwa shangazi yeyote njiani kabla hamjafika Paje.